Ukitaka kuzalisha chatu wadogo, usinunue jozi

Kila joto likianza kupungua hapa Ohio, napokea ujumbe wa aina moja kutoka kwa Watanzania na Wakenya wenzangu walioko Marekani, Uingereza na Ujerumani: "Nimepata jozi ya chatu, dume na jike, bei nzuri, wana mwaka mmoja. Nichukue nianze kuzalisha?" Nawajibu wote sawa. Usichukue jozi. Tafuta jike kwanza, umkuze, umjue. Dume utamtafuta baadaye, na utampata kwa bei nafuu zaidi.

Ninayemzungumzia ni chatu-mpira, Python regius, ambaye akishtuka hujikunja duara na kuficha kichwa katikati. Ndiye mdogo kuliko chatu wote wa Afrika, na makazi yake yanaanzia Senegali hadi Uganda. Jike mzima huwa na urefu wa sentimita 120 hadi 150, dume ni mfupi zaidi na mwembamba. Usimchanganye na yule chatu wetu wa nyumbani anayemeza swala. Huyu ni mpole mno. Huko Ouidah, Benin, lipo hekalu ambamo chatu hawa wanaheshimiwa, na wageni huwaweka shingoni bila woga.

Kabla sijaendelea, neno kwa wasomaji walioko nyumbani. Kenya ina sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 na Tanzania ina ya mwaka 2009, na pande zote mbili huwezi kuweka chatu ndani kwa sababu tu umempenda, unahitaji kibali. Biashara ya kimataifa ya chatu-mpira nayo iko chini ya CITES, mkataba unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Ushauri huu ni kwa mtu anayeishi mahali ambapo sheria inamruhusu kufuga, na hata Marekani uliza sheria ya mji wako kwanza, maana miji inatofautiana.

Sasa turudi kwenye jozi. Chatu wawili walioanguliwa siku moja hawakomai pamoja. Dume akifika gramu 600 au 700 anaweza kupanda, na wengi hufika hapo wakiwa na mwaka mmoja na nusu. Jike anayetunzwa vizuri ni vyema afikishe gramu 1,500 na miaka mitatu ndipo umfikirie uzazi. Kwa hiyo ukinunua watoto wawili leo, dume atakaa bure akikugharimu panya wa kumlisha, huku rangi uliyomnunulia kwa bei ghali ikishuka thamani sokoni. Bei za rangi za chatu huporomoka haraka kwa sababu kila anayezalisha anaongeza wengine. Na jambo baya zaidi, jozi inayouzwa mezani mara nyingi ni kaka na dada wa mtago mmoja, yaani mayai yaliyotagwa pamoja na jike mmoja. Muuzaji atakwambia nyoka hawana shida na undugu. Mimi siuziwi hilo neno. Kila ukipandisha ndugu unakutanisha kasoro zilizojificha, na anayezibeba ni mtoto asiyeweza kulalamika.

Jike ndiye mradi wenyewe. Yeye ndiye atakayekaa miezi bila kula akiwa na mayai, atakayetaga mayai manne hadi manane yenye uzito unaompunguza mwili kwa siku moja, na atakayehitaji kurudishiwa nguvu baadaye. Kwa hiyo nikienda kumwangalia, rangi naiweka kando kabisa. Naomba nimshike. Namwacha apite polepole kati ya vidole vya mikono miwili, na kidole gumba kinafuata uti wa mgongo kuanzia shingoni mpaka mkiani. Mgongo wa jike mwenye afya una mwinuko mdogo tu na pande zake zimejaa. Uti ukichomoza kama ukingo wa meza, huyo amekondeshwa. Na kinyume chake pia kipo: ukiona mikunjo ya mafuta anapojipinda na mkia umenenepa ghafla mara baada ya tundu la haja, huyo amelishwa kupita kiasi ili uzito ufike haraka auzwe. Gramu 1,500 za mafuta hazilingani na gramu 1,500 za misuli. Nikihisi kifundo au kona kwenye uti, namrudisha kwa adabu na kuondoka.

Baada ya mwili, namsogeza karibu na sikio. Chatu mzima wa afya hapumui kwa sauti. Mlio wa kuchemka, au kapovu puani, au nyoka anayekaa ameinua kichwa kama anatafuta hewa, ni dalili ya mapafu. Halafu naangalia ule mfereji mdogo chini ya jicho na mkunjo wa kidevu, maana hapo ndipo utitiri hujificha, vidoa vyeusi vinavyotembea. Siri ndogo: angalia bakuli la maji ya nyoka wote wa muuzaji huyo, si la huyu mmoja tu. Utitiri huzama humo, na bakuli halidanganyi.

Kisha naomba kadi ya malisho. Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapita mbio, nami ndipo nakaa sana. Chatu-mpira anajulikana kwa kususa chakula. Mzima anaweza kugoma miezi kadhaa na asife. Kwa mnyama wa kufuga tu, unavumilia. Kwa jike wa kuzalisha, kususa kunamaanisha msimu umepotea, kwa sababu hafikishi uzito na mayai hayajengeki ndani. Mfugaji makini ana kadi kwenye kila boksi: tarehe, panya wa ukubwa gani, hai au wa kugandishwa, amekula au amekataa, alijivua gamba lini, uzito gramu ngapi. Uliza hasa kama anakula panya wa kugandishwa. Jike aliyezoea panya hai tu atakufunga maisha kwenye kununua panya hai, na panya hai aking'ang'aniwa vibaya humng'ata nyoka. Kama muuzaji hana kadi, mwombe amlishe mbele yako au akutumie video. Akikataa yote mawili, usinunue mbuzi kwenye gunia.

Jinsia nayo ina visa. Zile kucha ndogo pembeni mwa tundu la haja zipo kwa dume na kwa jike, na kuamua kwa ukubwa wake ni kubahatisha. Kinachoaminika ni mtu mwenye ujuzi apime kwa kijiti cha chuma chembamba kilichopakwa kilainishi: kwa dume kinaingia kina cha magamba saba au zaidi ya chini ya mkia, kwa jike kinaishia matatu au manne. Usijaribu mwenyewe kwa kusoma tu, utamjeruhi. Kijana mmoja wa kwetu alinunua "jozi" mtandaoni, akawaweka pamoja, akanipigia simu kwa furaha kwamba wanajamiiana usiku kucha. Nilipofika nikakuta madume wawili wanapigana, kila mmoja anajaribu kumlaza mwenzake chini kwa shingo. Nilimsikitikia sana. Walikuwa na majeraha, na miezi ya matumaini ilikuwa imepotea.

Tuje kwenye rangi, ambazo wafugaji wanaziita mofu. Tangu mfugaji Bob Clark azalishe albino wa kwanza wa chatu-mpira Marekani mwaka 1992, biashara yote imejengwa juu ya jeni. Mimi sipingi uzuri. Mtoto wa Piebald, mwenye mapande meupe kabisa yasiyo na doa, anapotoa kichwa kwenye yai, moyo unajaa. Lakini zipo mofu ambazo sitaziingiza nyumbani mwangu hata nikipewa bure. Ya kwanza ni Spider. Ni nzuri sana kwa michoro, lakini jeni hiyo hiyo inayochora ngozi inaharibu sikio la ndani, na nyoka huyumbisha kichwa, hukosa shabaha anapolenga panya, wengine hupinduka mgongo chini na kushindwa kujirudi. Kiwango kinatofautiana, ila huwezi kumpata Spider asiye nayo kabisa, wala huwezi kujua watoto watapata kiasi gani. Champagne nayo ina tatizo la namna hiyo. Desert inafaa kwa dume tu, kwa sababu majike wake wamejulikana kwa kushindwa kutaga, na wengine hufa na mayai tumboni. Anayekuuzia jike wa Desert "kwa ajili ya kuzalisha" hajui kazi au hakujali.

Kuna pia mambo ya jeni yasiyo na madhara lakini yanayoharibu mipango. Banana ni mfano mzuri, kwa kuwa jeni yake imekaa kwenye kromosomu za jinsia. Dume wa Banana aliyeipata kwa baba yake ataipitisha karibu yote kwa watoto wa kiume. Aliyeipata kwa mama yake, karibu yote kwa wa kike. Kwa hiyo ukinunua dume wa Banana, swali la kwanza ni nani alikuwa Banana, baba au mama? Na kwa mofu za kujificha kama Clown na albino, mtoto mwenye jeni moja anaonekana wa kawaida tu. Ukipandisha wabebaji wawili unatarajia mmoja kati ya wanne aonyeshe rangi, na katika mtago wa mayai matano unaweza usipate hata mmoja. Ukiambiwa huyu "huenda" anabeba, lipa bei ya nyoka wa kawaida.

Kwa sababu hii nasema dume ndiye wa kumlipia jeni. Dume mmoja anatosha majike kadhaa, hahitaji mwili mkubwa wala miaka mitatu. Subiri jike wako akaribie uzito, ndipo uchague dume kutoka kwa mfugaji tofauti, mji tofauti ikiwezekana. Kwake naangalia afya ile ile, ila uzito mkubwa hauna faida. Dume mnene huwa mvivu. Afadhali mwenye gramu 800 mwepesi anayezunguka boksi usiku.

Usivutiwe na wale wa bei ya chini wanaoingizwa kutoka Togo, Benin na Ghana. Huko majike wenye mimba hukusanywa porini, hutaga kwenye mashamba, na watoto husafirishwa nje. Wengi hufika na kupe, minyoo na woga wa kula. Nina uchungu na hawa, kwani ni wanyama wa bara letu wanaofungwa kwenye mifuko kwa mamia. Lakini kuwanunua kunaagiza mzigo mwingine.

Ukishampata yeyote, mweke chumba tofauti na wengine kwa miezi mitatu, na vifaa vyake peke yake. Mhudumie mwisho, baada ya wengine. Katika muda huo mpeleke kwa daktari wa wanyama watambaao achukue sampuli ya mdomoni kwa ajili ya kipimo cha virusi vya nido, ugonjwa wa mapafu ambao chatu anaweza kuubeba kimya na kuusambaza nyumba nzima. Kipimo kinaweza kugharimu zaidi ya nyoka wa kawaida mwenyewe. Lipa tu.

Kwa asiye na nafasi kubwa, au anayeona hata sentimita 150 ni nyingi, wapo chatu wa Australia wa jenasi Antaresia. Yule mdogo kuliko wote duniani, Antaresia perthensis, huishia kama sentimita 60. Australia hairuhusu kuwasafirisha nje kibiashara, hivyo walioko Ulaya na Marekani wamezalishwa kizazi baada ya kizazi. Ni wachangamfu na wazima hula vizuri, ila watoto wao baadhi hukataa panya wanataka mijusi, na kuwageuza kunataka subira ambayo si kila mtu anayo. Kwa anayeanza, mimi bado naelekeza kwa chatu-mpira.

Na kabla hujawakutanisha, hesabu boksi. Kila mtoto anataka boksi lake, joto lake, bakuli lake, na usimuuze kabla hajala angalau mara tano mfululizo. Fikiria pia nani atawachukua wale wa rangi ya kawaida, maana vituo vya uokoaji vimejaa chatu-mpira ambao hakuna aliyewataka. Mnyama huyu huishi miaka 20 hadi 30 akitunzwa. Katika bustani ya wanyama ya Saint Louis, jike aliyekadiriwa kuwa na zaidi ya miaka 60 alitaga mayai saba mwezi Julai 2020, bila kuwa na dume kwa miaka mingi.

Wengi hapa huwakutanisha kuanzia Novemba, joto la usiku likishushwa kidogo, siku mbili tatu kisha wanatenganishwa ili jike apate kula. Mpime jike mwishoni mwa Oktoba. Kama hajafika gramu 1,500, au alisusa sehemu kubwa ya kiangazi, au ndiyo kwanza ametoka karantini, mwache dume kwenye boksi lake mpaka msimu ujao na uendelee kumlisha jike.