Jibu: kupanda nazi ya Shelisheli (koko de mer) nyumbani

Ndugu, umeuliza kama nazi pacha uliyonunua kisiwani Praslin, Shelisheli, itaota Tanga. Kwanza ipime uzito. Nazi nzima hufika kilo 15 na zaidi. Yako ikiwa nyepesi, na ina tundu au alama ya kukatwa, kiini kimeshatolewa. Haitaota kamwe. Nyingi za kuuzwa ndivyo zilivyo. Cheti chake kitunze, maana bila hicho forodhani wanaikamata.

Ikiwa nzima, ilaze juu ya udongo mwepesi, penye kivuli na unyevu, usiifukie. Chipukizi hutokea kwenye mwanya kati ya pande mbili, baada ya miezi kadhaa, na hutuma mkono mrefu, hata mita kadhaa, kabla ya kutoa jani. Ndiyo sababu chungu hakifai, wala usiihamishe ikishaota: mkono ukikatika, mche umekufa. Dume na jike ni miti mbalimbali, na tunda huchukua miaka 6 hadi 7 kukomaa.

Kifuu kitupu kina kazi zake za asili: kata ya kutekea, bakuli, chombo cha kutolea maji yaliyoingia mashuani. Kule Shelisheli makuti yake yaliezekea nyumba. Ukikikata, tumia msumeno wa meno madogo, taratibu, kwani hupasuka.