Betri imeingia vizuri, mbona picha zinatoka giza?

Swali: Fundi shikamoo. Babu kaniachia kamera ya filamu, Minolta SR-T 101, shata inapiga safi na mita ya mwanga inacheza. Nimeweka betri mpya ya alkalaini ile 625, imeingia bila shida, lakini mikanda miwili yote negativu zimetoka nyepesi na picha giza. Rafiki yangu ana kamera ya zamani pia, Pentax Spotmatic, anaweka betri yoyote inayoingia na picha zake ziko poa. Mita yangu imekufa? (Msomaji, Tanga)

Jibu: Marahaba mwanangu, na hongera, hiyo kamera usimpe mtu. Mita yako haijafa, inadanganywa na betri tu.

Iko hivi. Hiyo kamera ilitoka 1966, na juu ya prizimu, kile kioo cha pembe unachotazamia, mle ndani kuna viseli viwili vya kadmiamu salfaidi vya kuhisi mwanga, kimoja kinaangalia zaidi upande wa juu wa picha na kingine upande wa chini, vimeungwa kwa mfuatano ili anga likiwaka sana lisimzamishe mtu aliyesimama chini yake, kitu kizuri sana kwa zama zile. Lakini mshale unaouona unasukumwa na umeme wa betri moja kwa moja, na waliitengeneza kwa betri ya zebaki ya volti 1.35, ambayo uzuri wake ilikuwa inakaa hapohapo mpaka siku inakufa. Sasa wewe umeweka 1.5. Umeme ukizidi mshale unapanda zaidi, kamera inaona kama mwanga ni mwingi kuliko ulivyo, wewe unafuata mshale unabana tundu la lenzi, filamu inakosa mwanga. Ndo hizo negativu nyepesi.

Usije ukasema basi ntadanganya kwenye ASA, ile namba ya wepesi wa filamu, niweke pungufu yaishe. Hapana. Kosa lenyewe halilingani juani na kivulini, af alkalaini inashuka volti kidogokidogo kadiri unavyoitumia, kwa hiyo hesabu ya leo mwezi ujao si yenyewe. Spotmatic ya mwenzako saketi yake ni ya daraja, inalinganisha pande mbili kama mizani, volti ikizidi inazidi kotekote na mshale unabaki katikati palepale. Ndo maana yeye halii.

Betri za zebaki usizitafute, Marekani walizipiga marufuku 1996 na kwingine pia zimeondoka. Nenda duka la dawa au wanapouza mashine za masikio uliza betri namba 675, ile yenye kikaratasi cha bluu, ni ya zinki na hewa, volti 1.4, karibu kabisa na ile ya zamani. Ni nyembamba, itacheza mle ndani, kwa hiyo ivalishe kiringi cha mpira ikae katikati. Bandua kikaratasi, subiri dakika chache ivute hewa, ndo uweke, na vile vitundu vilivyokuwa chini ya kikaratasi usivizibe na gundi wala selotepu. Ikishafunguliwa inakauka hata usipopiga picha, wiki kadhaa mpaka miezi miwili mitatu hivi, ila bei yake haiumizi. Ukitaka kumaliza kabisa, fundi anaweza kukuwekea dayodi ya kupunguza volti halafu utumie betri ya silva (oksidi ya fedha), maana silva haishukishuki kama alkalaini.

Af kitu kingine, mita yoyote ya zamani inadhani kila kitu mbele yake ni kijivu. Mtu mweusi amevaa kanzu nyeupe saa sita mchana, mita itasoma kanzu na uso utapotea, betri iwe nzima namna gani. Msogelee mpaka uso ujae kwenye kioo, pima hapo, rudi nyuma upige bila kugusa kitu. Mimi uso wa mtu siutoi sadaka kwa ajili ya kanzu.

Ukishaweka hiyo 675 geuza swichi ya chini kwenye BC, yaani kupima betri, mshale unatakiwa ufike kwenye ile alama ya mraba. Usipofika, fungua kifuniko na sarafu uangalie vizuri, ukiona ukijani chini ya betri safisha kwa pamba yenye siki kidogo ukaushe. Bado haufiki? Basi waya wa chini ya betri umeoza, hizi kamera ndo ugonjwa wake, mpelekee fundi auchomelee upya na usikubali akuambie mita haitengenezeki kabla hajaufungua huo upande wa chini.