“Mara kwa mara” ni mara ngapi?

SWALI: Assalaam alaykum, mwalimu. Mimi ni muuguzi, niko Pemba. Tunatafsiri hojaji ya kuwapima watu wanaoshindwa kukaa sawa baada ya jambo zito, kama talaka au kupoteza kazi. Mtu hujijazia mwenyewe. Majibu tumeyaandika “kamwe, mara chache, mara kwa mara, mara nyingi”. Wengi wanakwama kwenye la tatu. Tena bibi mmoja kaniuliza “msongo wa mawazo” ndio nini. Tumekosea wapi?

JIBU: Waalaykumu salaam, mwanangu. Hao waliokwama wana haki. Daktari akikwambia “njoo mara kwa mara upimwe presha”, anataka uje usikate. Lakini mtu akisema ndugu yake wa Unguja “huja mara kwa mara”, huenda ni Idi hadi Idi. Neno ni hilo hilo moja, na zote mbili ni maana zake halali. Katika mazungumzo muktadha hutuokoa. Kwenye karatasi muktadha haupo.

Na hapo pana hesabu. Hojaji ya ADNM-20, inayotumika kwa tatizo hili, ina vipengele 20, na kila jibu lina alama 1 hadi 4. Anayeteseka kila siku akichagua jibu la tatu kwa kulifahamu kuwa ni “nyingi”, amepoteza alama moja. Akifanya hivyo vipengele vyote, zimekwenda 20, na karatasi itaonesha kuwa hali yake ni nafuu kuliko ilivyo. Kumpa mtu wa pili airudishe tafsiri katika lugha ya asili hakutalifichua kosa hili, maana yeye atachagua ile maana anayojua kuwa inatakiwa.

Ningeandika: “hata mara moja”, “mara mojamoja”, “baadhi ya nyakati”, “mara nyingi”. “Kamwe” liondoe. Neno hilo hutaka kitenzi cha kukanusha: siendi kamwe, silali kamwe. Likisimama peke yake linaning’inia.

Kuhusu bibi: “msongo” ni Kiswahili safi, linatokana na kusonga, lakini yeye anachokijua kusongwa ni ugali. Kwetu mtu husema “nina mawazo”, na hakuna anayeuliza mawazo gani. Hilo linatosha kwa kichwa cha hojaji. Ndani yake tumia “kuwaza” badala ya “kufikiri”, kwa sababu anayefikiri hutafuta jawabu, na anayewaza amekamatwa. “Najikuta naliwaza jambo hili hata pale nisipotaka” mtu wa Konde na wa Makunduchi watalifahamu sawasawa.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni jambo ambalo hukuliuliza. Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa lililoanza kutumika Januari 2022, linataja nguzo mbili za tatizo hili: fikra kutawaliwa na lile jambo, na mtu kushindwa kwenda na hali mpya. Hii ya pili wafasiri wengi wataiandika “nimeshindwa kukubali yaliyotokea”. Nilimsomea sentensi hiyo jirani yangu aliyefiwa na mume. Alikunja uso: “Astaghfirullah! Nikatae, mimi nani?” Masikioni mwake nilikuwa namuuliza kama anapingana na kadari. Nikamuuliza tena: “Kazi zako unazimudu kama mwanzo?” Akaniangalia kidogo, akageuka kulitazama cherehani lake lililofunikwa kanga. “Sijaligusa,” akasema. Jibu lilikuwa pale pale, swali la kwanza ndilo lililolifungia mlango.

“Kuzoea” nako uende nako polepole. Ukiuliza “unaona taabu kuzoea?” utajibiwa “aa, nishazoea”, na mara nyingi maana yake ni kwamba amechoka kulalamika. Sema “kumudu”, “kurudi katika shughuli zangu”, “kuendelea na mambo yangu kama zamani”.

Kipengele cha kujitenga na watu kiangalie peke yake. Mjane wa Kiislamu hukaa eda miezi 4 na siku 10. Akijibu kuwa hatoki wala hachanganyiki na watu, ametaja wajibu wake, hajataja ugonjwa. Ongeza maneno: “kwa sababu moyo wangu hautaki”. Na usifungue hojaji kwa “hali yako ikoje?” Hiyo ni salamu, na salamu jibu lake ni “njema, alhamdulillah”, hata kwa mtu ambaye hajalala wiki nzima.

Kabla hamjachapisha, wasomee watu watano au sita, akiwemo huyo bibi. Usiwaulize kama wamefahamu, watakuambia ndiyo kwa adabu. Waombe wakusimulie kila swali kwa maneno yao, na uyaandike kama wanavyoyatamka.