Usiupokee Umri wa Saa ya Mfukoni Kabla Hujaiona Mashine Yake

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia kwa furaha kubwa. Amerithi saa ya mfukoni ya babu yake, Omega, na muuza vitu vya kale amemhakikishia kuwa ni ya mwaka 1900 kwa sababu ndani ya mfuniko wa nyuma pamechorwa medali na maneno "Grand Prix Paris 1900". Nilimjibu siku ileile kwamba huo si umri wa saa. Omega walishinda tuzo hiyo katika maonyesho ya Paris ya 1900, na kama viwanda vingine vilivyopata medali, waliendelea kuichora kwenye makasha yao muda mrefu baadaye. Mwaka wa kwenye medali unakupa jambo moja tu: saa haikutengenezwa kabla ya hapo. Yaweza kuwa ya 1902, yaweza kuwa ya 1920.

Jibu lilikuwa fupi, na mimi jambo hili siwezi kulimaliza kwa ufupi, maana limewahi kunichoma.

Nina saa ya babu mzaa mama. Ni nzito, ya rangi ya fedha, uso wake mweupe wa kaure, namba za Kirumi, na duara dogo la sekunde upande wa chini. Usoni haina jina lolote. Mama alikuwa akisema siku zote kwamba babu naye aliipata ikiwa tayari kuukuu. Nilipoipokea nilimpelekea mtu anayesifiwa sana kwa kujua vitu vya kale. Aliigeuza mara moja, akaipima uzito mkononi, hakuifungua. Akasema: "Hii ya Uswisi, miaka ya thelathini, imepakwa fedha tu." Nilipomweleza maneno ya mama, akacheka mbele ya wateja wake na kusema kila familia ina hadithi yake. Sikumsahau. Hata leo nikiandika haya moyo unapanda, kwa sababu hakunidharau mimi peke yangu. Alimfanya mama yangu muongo bila hata kufungua mfuniko.

Nikaifungua mwenyewe, taratibu.

Jambo la kwanza lilikuwa mbele ya macho yake na hakuliona: saa ile haina kifundo cha kukazia juu. Inatiwa ufunguo, ufunguo wa kweli, kupitia tundu dogo lililo kwenye mfuniko wa pili wa ndani. Njia ya kukaza saa kwa kifundo ilibuniwa na Adrien Philippe, yule wa kampuni ya saa ya Patek Philippe, katika miaka ya 1840, na kufikia mwisho wa karne ya 19 saa za ufunguo zilikuwa zinapotea. Waingereza ndio waliong'ang'ania ufunguo kuliko wengine. Saa ya ufunguo ya miaka ya thelathini ingekuwa kioja.

Kisha alama. Ndani ya mfuniko wa nyuma palikuwa na mihuri midogo ambayo bila kioo cha kukuza ungeidhani mikwaruzo: simba anayetembea, nanga, herufi moja ya alfabeti, na kando yake herufi za jina la aliyetengeneza kasha. Simba huyo ni muhuri wa Uingereza wa fedha halisi, sehemu 925 katika 1000. Kwa hiyo maneno ya "kupakwa fedha" yalikufa palepale. Nanga ni ya ofisi ya ukaguzi wa fedha ya Birmingham. Ingekuwa kichwa cha chui ningejua ni London, na ingekuwa upanga na miganda mitatu ya ngano ningejua ni Chester, ofisi ambayo ilifungwa 1962.

Hapa wengi hukimbilia kusema saa ilitengenezwa Birmingham. Hapana. Muhuri unasema fedha ilipimwa wapi. Mji wa Coventry, uliokuwa na mafundi wengi wa saa kuliko karibu mji wowote wa Uingereza, haukuwa na ofisi ya ukaguzi. Makasha yao yalipelekwa Birmingham au Chester. Hata jina likiwepo kwenye uso au kwenye mashine, mara nyingi ni la sonara aliyeiuza dukani, si la mikono iliyoitengeneza.

Herufi ndiyo yenye mwaka. Kila ofisi ilikuwa na mzunguko wake wa herufi, moja kwa kila mwaka, na mzunguko mpya ulibadilisha mwandiko na umbo la ngao inayoizunguka. Usitazame herufi tu. Tazama mwandiko, tazama ngao, na tumia jedwali la ofisi ileile, kwa sababu herufi moja ya Birmingham na ya London ni miaka tofauti kabisa. Yangu iliangukia 1884. Na kwa kuwa Birmingham zamani zile walibadilisha herufi mwezi Julai, kasha lilipigwa muhuri kati ya Julai 1884 na katikati ya 1885.

Lakini kasha linaweza kubadilishwa, kwa hiyo sikuishia hapo. Nilifungua upande wa kioo, nikabonyeza kilimi kilicho karibu na namba sita, mashine ikainuka kwenye bawaba yake. Chini ya kofia ya shaba kulikuwa na koni ndogo iliyozungushiwa mnyororo mwembamba, kama mnyororo wa baiskeli uliotengenezwa kwa ajili ya siafu. Mfumo huo husawazisha nguvu ya springi inapolegea, na Waingereza waliendelea nao wakati Waswisi na Wamarekani walikwisha kuuacha. Namba iliyochongwa kwenye mashine ilikuwa ileile iliyopigwa kwenye kasha. Kwa saa za Uingereza za wakati huo, kasha lilitengenezwa kwa ajili ya mashine yake; namba zikilingana, viwili hivyo vimekaa pamoja tangu mwanzo.

Nilirudi kwa yule bwana na kumwonyesha kila kitu. Akatazama kidogo, akasema "basi hongera", akageukia mteja mwingine. Hakuomba radhi. Mama alipoambiwa mwaka alinyamaza kwanza, kisha akasema, "Nilijua." Hilo lilinitosha.

Sasa, usichukue saa yangu kama kipimo cha zako, maana kila nchi ina tabia yake. Ukikuta Waltham, Elgin au Hamilton, uko Marekani, na kanuni ya namba inageuka kabisa. Viwanda hivyo viliuza mashine, kampuni nyingine zikauza makasha, na mnunuzi alichagua kasha dukani. Namba mbili kutolingana ni kawaida. Namba yenye maana ni ya kwenye mashine pekee. Ukitafuta ya kasha kwenye majedwali ya Elgin utapewa mwaka wa saa ya mtu mwingine. Na ukisoma kwenye kasha kwamba limedhaminiwa miaka 20 au 25, hiyo si dhahabu tupu. Ni tabaka la dhahabu juu ya metali nyingine, na miaka hiyo ni muda ambao tabaka lilitarajiwa kudumu.

Waswisi wana wanyama wao, kwa sheria ya 1880: dubu kwa fedha ya 875, ndege wa porini kwa fedha ya 800, kindi kwa dhahabu ya karati 14, na kichwa cha mwanamke, Helvetia, kwa karati 18. Maneno kama Remontoir, Ancre, Cylindre au 15 Rubis si majina ya makampuni. Yanaeleza jinsi mashine inavyofanya kazi na idadi ya vito vyake. Nimeona watu wakitafuta "kampuni ya Remontoir" hadi wakakata tamaa.

Ukiona neno Swiss au Switzerland, kumbuka kwamba sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890 ndiyo iliyolazimisha bidhaa za kigeni kuandikwa nchi zilikotoka. Kwa saa iliyopelekwa Marekani hicho ni kidokezo kizuri. Si uthibitisho.

Ndugu zangu, tunarithi vitu na kuviuza kabla hatujavisoma. Mzee alikihifadhi kitu maisha yake yote, sisi tunakitolea hukumu kwa mtazamo wa mgeni mmoja. Mtaalamu anayestahili heshima hufungua kwanza, huonyesha alama kwa kidole, ndipo hutaja mwaka. Asiyefungua, mshukuru na uondoke.

Na tafadhali usiing'arishe! Kila unaposugua fedha unakula muhuri, na muhuri uliofutika haurudi. Usiufumue mfuniko kwa kisu. Mingine ina bawaba, mingine hufunguka kwa kuzungushwa kama kifuniko cha chupa, na ukilazimisha wa kuzungusha utaukunja. Kama mishale na namba zina rangi iliyotengenezwa kung'aa gizani, na saa ni ya kati ya Vita vya Kwanza vya Dunia na miaka ya 1960, yawezekana ni rediamu, madini yenye mionzi ya hatari. Mng'ao unaweza kuwa umekufa kabisa na mionzi bado ipo. Hiyo usiiondolee kioo, usiikwangue, mwachie fundi saa anayeijua.

Mikwaruzo midogo ya tarehe na herufi ndani ya mfuniko pia iache ilivyo. Mafundi waliokarabati saa walikuwa wakiandika humo kwa ncha ya sindano, na tarehe ya ukarabati inaonyesha saa ilikwishakuwepo siku hiyo.

Wanaotaka kuniuliza kuhusu saa zao, nitumieni picha ya mashine yenye namba inayosomeka, na picha ya kila alama iliyo ndani ya mifuniko, mwanga ukitokea ubavuni ili michoro ionekane. Picha ya uso nitaitazama mwisho.