Asilimia ya maji ya Kariba

Ndugu, umeuliza ilikuwaje Kariba, ziwa la bwawa la umeme kati ya Zambia na Zimbabwe, litangazwe kuwa maji yake yako chini ya asilimia 5 mwishoni mwa 2022 wakati pichani ziwa bado limetanda hadi upeo wa macho. Asilimia ile inahesabiwa kati ya mita 475.50 na 488.50 juu ya usawa wa bahari. Mita 13 tu! Chini ya hapo maji yapo, tena mengi mno, ila hayahesabiki kwa kuzalisha umeme. Kwa hiyo angalia kwanza kimo cha maji kwa mita, ndipo asilimia. Wanaopima ni Mamlaka ya Mto Zambezi, chombo cha Zambia na Zimbabwe, na ndiyo huzigawia nchi hizo maji ya kuzalisha umeme kila mwaka. Mwishoni mwa 2022 Zimbabwe iliamriwa kusimamisha mitambo yake ya umeme ya Kariba kwa kuwa ilishamaliza mgao wake. Wananchi wakaumia gizani.