Shangazi, sindano imeniletea matone mpaka nimechoka, nihamie njia gani?

Msomaji aliyejiita Nimechoka na Matone kaniandikia barua ndefu, naifupisha hapa. Ana mtoto mmoja wa miezi 9 na nusu, bado ananyonya. Alichoma sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu mtoto alipofikisha miezi 3, akarudia mtoto ana miezi 6, na tangu hapo damu haieleweki, wiki tatu matone, siku chache kavu, matone tena, na kilo zimeongezeka. Tarehe ya kurudi imepita, hii ni wiki ya pili na hajaenda. Angependa waanze kutafuta mtoto wa pili huyu akifika miaka miwili. Mume anasema hizo dawa zinaharibu kizazi manake mke wa rafiki yake aliacha sindano akakaa karibu mwaka ndo akashika mimba, kwaiyo bora wahesabu siku. Wifi anamwambia aweke kijiti, rafiki anamwambia lupu asithubutu kwasababu yeye alishika mimba nayo. Mwenyewe anawaza anunue vidonge duka la dawa kimya kimya, ila ana kichwa kinachomuuma upande mmoja na kabla hakijaanza anaona vimulimuli kwenye macho. Kabla ya kuzaa hedhi yake ilikuwa siku 4, haina maumivu ya kumlaza. Anauliza, njia ipi haina maudhi?

Mwanangu, pole sana. Kutoka damu wiki tatu huku una mtoto mchanga wa kubeba na kunyonyesha inachosha mwili na inachosha akili, na usikubali mtu akwambie unadeka.

Njia isiyo na maudhi kwa kila mwanamke haipo. Wifi yako anaposema kijiti hakina shida anasema ukweli wa mwili wake, na rafiki yako naye anasema ukweli wake, ila hakuna hata mmoja kati yao anayeishi ndani ya mwili wako. Maswali yatakayokusaidia ni mawili tu, maudhi gani wewe unaweza kuishi nayo, na mtoto mwingine unamtaka lini.

Ila kabla sijaanza kulinganisha kuna jambo la haraka, tena ndo lililonifanya nijibu barua yako kwanza kuliko zote. Sindano yako imepitiliza wiki ya pili. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema hii ya miezi mitatu ukichelewa mpaka wiki 4 bado inakukinga, ukivuka hapo huna kinga. Kwaiyo una kama wiki mbili za kuamua, sio mwezi. Na usijipe moyo kwamba unanyonyesha, kunyonyesha kunazuia mimba vizuri pale tu mtoto hajafika miezi 6, ananyonya maziwa ya mama peke yake usiku na mchana, na mama hajaona hedhi. Mwanao ana miezi 9 na ameshaanza kula, hiyo kinga ilishaisha. Wanawake wengi mimba wasiyoipanga huwa inawakuta hapa, wameacha njia moja kwasababu imewaudhi na hawajaanza nyingine, wanasema nitaenda wiki ijayo. Wanandoa 100 wasiotumia chochote, ndani ya mwaka mmoja karibu 85 wanapata mimba. Kwaiyo kuanzia leo usiku mpaka uende kliniki, tumieni kondom.

Sasa tuje kwa mume wako, manake hajakosea kila kitu. Sindano haiharibu kizazi, hilo hapana. Ila ni kweli kwamba kati ya njia zote za muda, hii ndo inayochelewesha uzazi kurudi. Kwa wastani inachukua kama miezi 10 tangu sindano ya mwisho mwanamke kushika mimba, wengine inazidi mwaka, sababu dawa ikishaingia kwenye msuli huwezi kuitoa, lazima iishe yenyewe taratibu. Huyo mke wa rafiki yake kizazi chake kilikuwa kizima, alikuwa anasubiri dawa iishe tu, na ni bahati mbaya kwamba hakuna aliyemwambia kabla ya kumchoma. Mueleze mumeo hivyo hivyo, utaona atatulia kuliko ukimwambia unaongea uongo.

Kwa mipango yako basi, mi sindano nisingekushauri uendelee nayo. Sio kwamba ni mbaya, kuna wanawake inawafaa kabisa, mtu hataki kumeza kitu kila siku, hataki mtu ajue, hedhi inakata kabisa na yeye anafurahi. Ila wewe unataka mtoto baada ya mwaka na kidogo, matone yamekushinda, na kilo ulizoziona sio za kufikirika, ni njia inayojulikana kuongeza uzito, kilo 1 mpaka 2 kwa mwaka kwa wastani na wengine zaidi. Pia inapunguza kidogo uimara wa mifupa wakati unatumia, ukiacha inarudi.

Vidonge. Hapa naomba unisikilize vizuri mwanangu. Vidonge vingi utakavyouziwa dukani bila maswali ni vya homoni mbili, estrojeni na projestini. Hicho kichwa chako cha upande mmoja kinachotanguliwa na vimulimuli kinafanana na kipandauso chenye dalili za macho, na mwanamke mwenye hicho hatakiwi kabisa kutumia estrojeni, inampandishia hatari ya kiharusi. Haijalishi ana umri gani. Hivyo hivyo kwa mwenye presha ya kupanda, mwenye miaka 35 na zaidi anayevuta sigara, aliyewahi kupata damu kuganda mguuni au kwenye mapafu. Muuza duka hatakuuliza hayo, na wewe ulikuwa unaenda kimya kimya. Usiende, tafadhali. Vipo vidonge vya homoni moja ambavyo wanaonyonyesha wanapewa, ila vinataka saa ile ile kila siku, vile vya zamani ukichelewa masaa 3 tu kinga inalegea, na kwa mama anayeamshwa na mtoto usiku kucha hiyo ratiba naionea wasiwasi. Kwa matumizi ya kawaida ya watu wanaosahau sahau, wanawake 100 wa vidonge kama 7 wanapata mimba ndani ya mwaka. Havina shida ukimeza vizuri, shida ni maisha.

Kuhesabu siku nalo niliseme haraka. Linafanya kazi kwa mwenye mzunguko unaoeleweka, na wewe saa hizi huna mzunguko, una matone. Utahesabu kuanzia wapi? Mpaka hedhi irudi na itulie miezi kadhaa ndo hesabu inaanza kuwa na maana, na hata hapo inataka mume anayekubali kusubiri siku nyingi tu kila mwezi. Mwambie kwa upole kwamba kwa sasa haiwezekani.

Zinabaki kijiti na lupu, na hapa ndo kuna kazi ya kuchagua.

Kijiti kinawekwa chini ya ngozi ya mkono wa juu, kuna cha njiti moja cha miaka 3 na kuna cha njiti mbili cha miaka 5, na sio lazima umalize miaka, unatoa siku yoyote na uzazi unarudi haraka. Kwa kuzuia mimba ndo kinaongoza, katika wanawake 1,000 anapata mimba kama mmoja kwa mwaka. Ukiwa unatumia dawa za kifua kikuu zenye rifampicin, baadhi ya dawa za kifafa, au ARV zenye efavirenz, sema, kwasababu zinapunguza nguvu zake. Maudhi yake makubwa ni yale yale yaliyokukimbiza kwenye sindano, damu isiyoeleweka, hasa mwaka wa kwanza. Wengine inakata, wengine matone, wengine siku 10 mfululizo, na huwezi kujua utaangukia wapi mpaka uwekwe. Kuna dawa za kutuliza, mara nyingi ibuprofen ya siku 5 inasaidia, kwaiyo mwanamke mwenye kijiti akiona damu asikimbilie kukitoa, arudi kwanza aulize. Ila kwa mtu aliyeniandikia kwamba amechoka na matone, sitaki nimtoe kwenye matone nimpeleke kwenye matone mengine bila kumwambia.

Lupu ya shaba haina homoni hata kidogo. Inakaa kwenye mji wa mimba, shaba inaziharibu mbegu za mwanaume zisifike kwenye yai, inadumu mpaka miaka 10 na zaidi, na ukiitoa unaweza kushika mimba mwezi huo huo. Uzito haugusi, maziwa haiyagusi, kichwa chako haikigusi. Sasa maudhi yake, inaongeza damu ya hedhi na maumivu, hasa miezi 3 mpaka 6 ya mwanzo, pedi zitaongezeka, tumbo litakaza, matone ya katikati yanaweza kuwepo mwanzoni. Lakini hedhi inakuja na kuondoka kwa mwezi, unajua leo ni damu na wiki ijayo sina. Mwanamke ambaye tangu usichana hedhi inamlaza chini na damu mabonge, mi lupu ya shaba nisingempa, huyo angetafuta lupu ya homoni ambayo inapunguza damu. Wewe umesema yako ilikuwa siku 4 bila maumivu. Ndo maana nakuegemeza kwenye lupu ya shaba.

Na rafiki yako aliyeshika mimba nayo simkatalii. Katika wanawake 1,000 wenye lupu ya shaba, 6 mpaka 8 wanapata mimba mwaka wa kwanza, mara nyingine kwasababu imechomoka bila mtu kujua. Ndo maana unarudi kuangaliwa baada ya wiki 3 mpaka 6, na unajifunza kugusa nyuzi zake mwenyewe kwa kidole. Haiendi moyoni kama wanavyosema. Kutoboa mji wa mimba wakati wa kuweka kunatokea kwa nadra sana, kwa makadirio kama mara 1 au 2 katika 1,000, na kwa anayenyonyesha hatari hiyo inapanda, kwaiyo muombe akuwekee mtu mzoefu na mwambie unanyonyesha. Kama unahisi una maambukizi, uchafu wenye harufu au maumivu ya nyonga, upimwe na utibiwe kwanza. Na hakuna kati ya hizi zote inayokukinga na HIV wala magonjwa mengine ya ngono, hiyo ni kazi ya kondom peke yake.

Ukifika kliniki unaweza kuambiwa urudi ukiwa kwenye siku zako. Usiondoke. Mwambie mtoa huduma tarehe ya sindano yako ya mwisho, kama uko ndani ya zile wiki 4 za nyongeza basi bado una kinga na lupu inaweza kuwekwa siku hiyo hiyo, hamna haja ya kusubiri hedhi ambayo kwa sindano inaweza isije miezi. Ukiwa umeshavuka, watakupima mimba na wataangalia. Omba wapime na wingi wa damu yako, umetoka damu muda mrefu na hujui imekuacha na kiasi gani, kama imepungua utapewa vidonge vya madini ya chuma. Na ujiandae kwamba sindano yenyewe bado inaisha taratibu, matone yanaweza kuendelea miezi michache hata ukiwa na lupu, usije ukailaumu lupu kwa kazi ya sindano.

Kuhusu kumwambia mume, mi ningependa muende wote, asikie hayo ya sindano kutoka kwa mtu wa afya, na swali lake la kizazi lijibiwe usoni. Akikataa kwenda bado mwili ni wako na haki ya kuamua ni yako. Lupu inaweza kuwekwa bila yeye, ila ujue kuna wanaume wanahisi nyuzi, zikimsumbua zinakatwa fupi.

Ukishawekwa, rudi haraka bila kusubiri tarehe ukipata homa na maumivu makali ya tumbo la chini, ukikosa hedhi wakati ilishaanza kuja vizuri, au ukigusa ukakuta nyuzi hazipo au unahisi kitu kigumu. Na hicho kichwa mwambie daktari akichunguze, kiandikwe kwenye kadi yako, manake hata baada ya mtoto wa pili utakapochagua njia tena, mtu atakayekuhudumia siku hiyo atatakiwa kujua kwamba vidonge vya homoni mbili hupewi.