Namba zinalingana, mbona mwindaji anakataliwa?

SWALI: Tunatengeneza gemu la mtandaoni la wachezaji wengi, lenye aina sita za wahusika. Kwa vipimo vyetu, nguvu za mapigo za wapiganaji wote hazipishani hata kwa asilimia 3. Lakini kila kikundi cha watu watano kinamtaka mpiga ngoma, anayewaongezea wenzake kasi ya mapigo, na karibu kila kikundi kinamkataa mwindaji. Tumwongezee mwindaji nguvu?

JIBU: Bado. Mmempima kila mhusika akiwa peke yake, lakini kiongozi wa kikundi hachagui hivyo. Anatazama nafasi iliyobaki na kujiuliza nani akiingia kikundi kizima kitafaidika zaidi.

Ngoma yenu inamfaa anayepiga mfululizo. Kama mshale mkubwa wa mwindaji una sekunde zake za kusubiri, na sekunde hizo hazipungui ngoma inapolia, wenzake wanapanda na yeye anabaki palepale. Nashuku tatizo liko hapo. Pimeni upya, kila aina ikiwa ndani ya kikundi chenye ngoma, mkilinganisha wachezaji wenye uzoefu unaokaribiana. Hilo la uzoefu msiliruke: aina inayokataliwa hukimbiwa na wageni, wakabaki mafundi wanaoipenda, na ufundi wao huupandisha wastani hadi udhaifu usionekane.

World of Warcraft, gemu jingine la mtandaoni la wachezaji wengi, ilipitia haya. Katika nyongeza yake ya mwaka 2007, The Burning Crusade, shaman, mmoja wa wahusika wake, alikuwa na uwezo uitwao Bloodlust, unaoongeza kasi ya mapigo kwa asilimia 30 kwa sekunde 40. Uliwafikia watu watano tu wa kundi lake dogo. Msafara wa kupigana na mabosi, yaani maadui wakubwa wa gemu, ulikuwa na watu 25, yaani makundi matano, kwa hiyo viongozi walitaka shaman katika kila kundi waliloweza. Nafasi hizo zilitoka kwa wengine, hata kama mapigo yao hayakuwa na kasoro yoyote.

Mwaka 2008 watengenezaji waliufanya uwezo huo uufikie msafara mzima, na aliyekwisha kuupata akalazimika kusubiri kabla ya kuupata tena. Shaman mmoja akatosha. Mwaka 2010 mage, mhusika mchawi, naye akapewa uwezo wa aina hiyo, na msafara usio na shaman ukaweza kwenda. Nguvu za mapigo za waliokuwa wakiachwa nje si kitu kilichohitaji kuguswa.

Nanyi anzeni hapo. Mpeni mhusika wa pili kasi hiyohiyo kwa njia yake mwenyewe, na mbili zikikutana zisijumlishwe. Kisha sekunde za mwindaji zipungue ngoma inapolia. Lakini msigawe kila kitu kwa kila mtu. Aina zote zikitoa msaada uleule, mchezaji hana tena sababu ya kuchagua. World of Warcraft yenyewe ililalamikiwa kwa hilo, na mwaka 2018 ikarudisha baadhi ya misaada ya pekee kwa wenyewe. Kipimo ninachokitumia ni hiki: kumkosa mhusika fulani kufanye pambano liwe gumu zaidi, kusilifanye lisiwezekane.

Jambo jingine, ambalo naliona kubwa kuliko asilimia zenu: kubadili aina kunamgharimu nini mchezaji? Katika Final Fantasy XIV, gemu jingine la namna hiyo, mhusika mmoja anaweza kujifunza kazi zote, yaani aina zote za wapiganaji, hivyo kazi moja ikidhoofika mwenyewe anashika nyingine bila kuacha jina, marafiki wala vitu vyake. Kwenu, kama aina haibadilishwi, mwindaji aliyekataliwa anaanza upya kutoka ngazi ya kwanza. Huyo amewapa miezi ya maisha yake kwa kuamini chaguo mlilomwekea mezani, na ni haki yake kulindwa. Mkishindwa kuruhusu kubadili kabisa, angalau afikapo ngazi ya juu na aina moja, ya pili ianzie katikati. Na kabla ya kuigusa ngoma, watangazieni wapiga ngoma mapema, mwarudishie pointi zao za ujuzi bure wazipange upya.